Utatuzi wa matatizo ya akaunti na utambulisho wa kidijitali hospitalini na katika famasia

Mwongozo huu umeandikwa kwa ajili ya maafisa TEHAMA, wafamasia na waganga wafawidhi wanaosimamia mifumo ya kompyuta katika hospitali, maduka ya dawa, maghala na viwanda vya dawa. Unahusu swali ambalo mfumo wowote wa afya lazima uweze kulijibu saa yoyote: ni nani hasa aliyefungua faili hili, aliyeandika dawa hii, au aliyetoa boksi hili ghalani? Swali hilo likikosa jibu, dozi ikikosewa hajulikani wa kuulizwa alichokiona, na morfini ikipungua kabatini watumishi wote wa zamu wanabaki kuwa washukiwa.

Naanza na msimamo wangu, kwa sababu ndio unaoongoza mpangilio wa maelezo yote yanayofuata. Matatizo mengi ya akaunti yanayoripotiwa kama utovu wa nidhamu hutokana na jinsi kazi ilivyopangwa: kompyuta ni chache, kuingia kwenye mfumo kunachukua muda mrefu, au barua ya uhamisho imelala masjala. Adhabu haigusi chanzo cha namna hiyo, bali humfundisha mtumishi kuficha. Kwa hiyo kila dalili ichunguzwe kwanza upande wa mfumo na mtiririko wa kazi, kisha, ikibidi, upande wa mtu.

Kabla ya kugusa kitu chochote, andika jina la akaunti, kompyuta iliyotumika, saa tatizo lilipotokea na ujumbe kamili ulioonekana kwenye skrini, kisha hifadhi nakala ya kumbukumbu za matumizi ya mfumo za siku hiyo. Mifumo mingi hufuta yenyewe kumbukumbu za zamani, na fundi anayeanza kwa kubadilisha nywila au kuzima na kuwasha seva huweza kupoteza ushahidi ambao angeuhitaji jioni yake.

Akaunti moja inafanya kazi usiku na mchana

Dalili yake ni kwamba kumbukumbu zinamwonyesha muuguzi mmoja akiandika shinikizo la damu la mgonjwa wodi ya wazazi na, dakika mbili baadaye, akisajili wagonjwa OPD, yaani idara ya wagonjwa wa nje. Au dawa imetolewa dirishani kwa jina la mfamasia ambaye ratiba ya zamu inaonyesha yuko likizo. Ukienda wodini unaweza kukuta kipande cha plasta ya hospitali kimebandikwa chini ya kibodi kikiwa na jina la akaunti na nywila, na maandishi yake yamefifia kwa sababu kimekaa hapo muda mrefu. Hali hiyo ni nywila ya pamoja, na ina vyanzo visivyopungua vitatu ambavyo tiba zake hazifanani.

Chanzo cha kwanza ni ucheleweshaji wa kuingia. Pima, kwa saa ya simu, muda kuanzia mtumishi anapogusa kibodi hadi orodha ya wagonjwa wake inapotokea. Pima wakati wa makabidhiano ya zamu, saa 1:30 asubuhi, wakati kila mtu anaingia kwa pamoja. Vipimo vya saa 9 alasiri mtandao ukiwa mtulivu havitakuambia kitu. Tuseme kuingia kunachukua dakika moja na muuguzi anahitaji kuingia mara 40 kwa zamu: hizo ni dakika 40 zinazochukuliwa kutoka kwa wagonjwa, na hakuna waraka wa nidhamu utakaomshawishi azitumie kusubiri. Uingereza walilipitia jambo hili waziwazi. Mwaka 2007 uongozi wa hospitali za South Warwickshire uliruhusu watumishi wa idara ya dharura kutumia kadi janja moja kwa zamu, kwa hoja kwamba kuingia kulichukua sekunde 60 hadi 90. Uamuzi huo ulipingwa na ulistahili kupingwa, lakini hoja ya muda ilikuwa ya kweli. Tiba ni kufupisha njia: mtumishi aingie kwa nywila kamili mara moja mwanzoni mwa zamu, kisha agusishe kadi tu kwenye kisomeo kila anapohama kompyuta, na kazi yake aliyoiacha imfuate. Pale ambapo kadi haziwezi kununuliwa, kuongeza kompyuta moja karibu na toroli la dawa kunasaidia kuliko semina.

Chanzo cha pili ni akaunti kuchelewa kufunguliwa. Chukua barua za kuripoti kazini za miezi michache iliyopita, ulinganishe tarehe zake na tarehe ambazo akaunti za watu hao zilifunguliwa. Daktari mtarajali akiripoti Jumatatu na akaunti yake ikafunguliwa Ijumaa, siku zote za katikati alifanya kazi kwa akaunti ya mwenzake, maana wagonjwa hawakumsubiri. Mpe afisa mmoja wa kila zamu, hata ya usiku, mamlaka ya kufungua akaunti ya muda yenye jina halisi la mtu na tarehe ambayo akaunti hiyo itajifunga yenyewe.

Chanzo cha tatu ni kanuni za nywila zenyewe. Bado kuna hospitali zinazolazimisha nywila mpya kila baada ya siku 30. Matokeo yake yanajulikana: mtu anaandika jina la mwezi na mwaka, au anaibandika ukutani. Taasisi ya viwango ya Marekani, NIST, katika mwongozo wake wa 2017 iliacha kupendekeza mabadiliko ya nywila ya mara kwa mara yasiyo na sababu. Ilishauri nywila ibadilishwe pale panapokuwa na ushahidi kwamba imevuja, na kila nywila mpya ilinganishwe na orodha ya zile zinazojulikana kuwa zimeshaibwa au zinakisiwa kirahisi. Tumia nywila ndefu ya maneno kadhaa, ongeza hatua ya pili ya uthibitisho, kama namba inayotoka kwenye simu, na uache kuwasumbua watu kila mwezi.

Kwenye dawa zinazodhibitiwa, kama morfini na pethidini, nywila ya pamoja ina madhara ya pekee. Utaratibu unataka watu wawili, mmoja atoe na mwingine ashuhudie. Ukikuta kwamba saini ya mtoaji na ya shahidi zimeingizwa kutoka kompyuta ileile ndani ya sekunde chache, kwa wiki nzima, basi yaelekea ni mtu mmoja mwenye nywila mbili. Hapo usianze na tuhuma za wizi. Uliza kwanza kama zamu ya usiku ina watu wawili wenye sifa ya kusaini. Ikiwa ni mmoja tu, mfumo unadai kitu ambacho ratiba haikukitoa.

Viwandani na katika maabara za ubora wa dawa dalili hujitokeza kwa sura nyingine: mashine ya kromatografia, yaani ya kutenganisha na kupima viambato vya dawa, ina akaunti moja inayoitwa kwa jina la maabara, na wachambuzi wote wanaitumia, tena ikiwa na haki za msimamizi, yaani inaweza kufuta matokeo na kurudisha saa nyuma. Kanuni ya Marekani iitwayo 21 CFR Sehemu ya 11, inayotumika tangu 1997, inataka kila saini ya kielektroniki iwe ya mtu mmoja pekee, isitumiwe tena wala kukabidhiwa mtu mwingine, na Mamlaka ya Chakula na Dawa ya nchi hiyo imekwisha kuvionya viwanda vingi kwa akaunti za aina hii. Ikiwa programu ya mashine ni ya zamani na haikubali zaidi ya mtumiaji mmoja, weka daftari lenye kurasa zilizopigwa namba, kila mchambuzi asaini saa ya kuanza na kumaliza, na haki za msimamizi zihamishiwe kwa mtu asiyechambua sampuli. Hiyo ni hatua ya mpito hadi programu ibadilishwe.

Akaunti ni nyingi kuliko watumishi

Hii ndiyo dalili rahisi kuipima, na bado ndiyo inayosahaulika. Mwaka 2018 mamlaka ya ulinzi wa data ya Ureno iliitoza hospitali ya Barreiro Montijo faini ya euro 400,000. Miongoni mwa yaliyobainika, mfumo ulikuwa na akaunti 985 zenye hadhi ya daktari, wakati madaktari wenyewe walikuwa 296. Akaunti zilizobaki hazikuhitaji mdukuzi hodari. Zilihitaji tu mtu anayekumbuka nywila ya zamani.

Fanya hesabu hiyohiyo kwako. Toa kwenye mfumo orodha ya akaunti zilizo hai, chukua kwa afisa utumishi orodha ya watumishi walioko kazini, uzilinganishe kwa kitambulisho kisichobadilika. Jina halifai kwa kazi hii, kwani Mariam Juma wako wengi na mmoja wao huenda ameandikwa Mariamu. Katika utumishi wa umma wa Tanzania cheki namba, yaani namba ya mtumishi kwenye orodha ya mishahara, inatosha kwa walioajiriwa, lakini wanaojitolea, watarajali na wanafunzi wa vyuo hawana, na hao ndio wanaoingia na kutoka mara nyingi zaidi. Kwao tumia namba ya usajili wa baraza la taaluma au namba ya kitambulisho cha taifa, na usikubali akaunti yoyote ya mtu wa muda isiyo na tarehe ya mwisho.

Chanzo kikubwa ni kwamba taarifa ya mtu kuondoka haimfikii anayefunga akaunti. Mtumishi anahama, anakabidhi funguo na koti, barua inapita kwa mganga mfawidhi, kwa afisa utumishi, kwenye jalada, na hakuna nakala inayokwenda TEHAMA. Weka mstari wa kusainiwa na TEHAMA kwenye fomu ileile ya makabidhiano ambayo mtumishi hawezi kuondoka bila kuijaza. Ukipata akaunti isiyo na mwenyewe, ifunge, usiifute. Ukiifuta, katika mifumo mingine maagizo ya dawa aliyoyaandika mtu huyo miaka mitatu iliyopita yatabaki bila jina la mwandishi.

Kuna aina ya tatizo hili isiyoonekana katika hesabu, maana mtu bado yupo. Muuguzi aliyehamishiwa dirisha la dawa anaongezewa haki za kutoa dawa, na zile za wodini zinabaki. Baada ya uhamisho wa ndani mara mbili au tatu anaweza kuagiza dawa, kuiidhinisha, kuitoa na kurekebisha idadi ya ghalani peke yake. Uhamisho wa ndani unapaswa kushughulikiwa kama kuondoka na kuajiriwa upya: haki zote za zamani zinaondolewa, kisha mpya zinatolewa.

Namba ya uthibitisho inakataliwa ingawa mtu ameiandika sawasawa

Programu ya simu inayotoa namba sita za uthibitisho hukokotoa namba hizo kutokana na siri iliyohifadhiwa na saa ya sasa, na kwa kawaida namba hubadilika kila sekunde 30. Kwa hiyo mtumishi akilalamika kwamba namba zinakataliwa kila mara, angalia saa kabla ya kufikiria jambo lingine.

Usidanganywe na saa inayoonekana sawa. Simu inayoonyesha 10:00, kwa mtindo wa saa kumi na mbili, inaweza kuwa imewekwa saa nne za usiku badala ya saa nne za asubuhi, na mwenyewe asigundue kwa wiki kadhaa. Kompyuta nayo inaweza kuwa imeachwa kwenye ukanda wa saa wa magharibi ya Marekani uliokuja na Windows, kisha fundi akaisogeza saa kwa mkono hadi ikalingana na ya Dar es Salaam. Mtumiaji anaona saa sahihi, lakini ndani ya mashine muda wa dunia umepotoka kwa saa 10 au 11. Rekebisha ukanda kwanza, kisha washa ulinganishaji wa saa wa moja kwa moja.

Tatizo likirudi kila umeme unapokatika, na hasa tarehe ikirudi nyuma miaka mingi, betri ndogo ya duara kwenye ubao mama, mara nyingi CR2032, imekufa. Kompyuta hiyo itaonyesha pia dalili nyingine zinazopotosha: kivinjari kitasema cheti cha usalama cha mfumo bado hakijaanza kutumika, na katika hospitali inayotumia Active Directory, mfumo wa Microsoft wa kusimamia akaunti za watumiaji, mtumishi atakataliwa kuingia hata kwa nywila sahihi, kwa kuwa kwa mpangilio wa kawaida tofauti inayovumiliwa kati ya kompyuta na seva ni dakika 5. Nimeona nywila za wodi nzima zikibadilishwa kwa tatizo lililokuwa la betri. Vituo visivyo na intaneti ya uhakika viwe na seva moja ya ndani ya saa, ili kompyuta zote zikubaliane. Saa hiyohiyo ndiyo inayoandikwa kwenye rekodi ya kila dozi, na rekodi inayosema dozi ya pili ilitangulia ya kwanza ni hatari kwa mgonjwa.

Namba ikitumwa kwa ujumbe mfupi na isifike, chanzo huwa ni mtandao hafifu ndani ya jengo, au laini iliyobadilishwa bila mfumo kujulishwa. Lakini laini ya mtumishi ikikata mawasiliano ghafla, na yeye hakuomba laini mpya, fikiria kwamba kuna mtu ameisajili upya kwa ulaghai. Funga akaunti yake mara moja, ndipo umpeleke kwa mtoa huduma. Kwa wasimamizi wa mifumo na watu wa ghala la dawa sishauri ujumbe mfupi kabisa. Wapewe ufunguo wa usalama wa USB au programu ya simu.

Alama za vidole hazisomeki

Mikono ya watumishi wa afya hukauka na kuchubuka kwa spiriti na kuoshwa mara kwa mara, na wengine wanafanya kazi wakiwa na glavu. Sajili vidole viwili au vitatu, safisha kioo cha kisomeo, na siku zote acha njia ya pili. Njia hiyo ya pili isiwe nywila ya mwenzake.

Faili la mgonjwa mmoja limefunguliwa na watu wengi

Mgonjwa anayejulikana, au mtumishi mwenzenu, amelazwa. Siku tatu baadaye habari zake ziko mtaani. Kumbukumbu zinaonyesha faili limefunguliwa na watu wa idara ambazo hazikumhudumia. Jambo hilo lilitokea katika HagaZiekenhuis ya The Hague, ambako makumi ya watumishi walichungulia faili la mtu maarufu, na mwaka 2019 mamlaka ya Uholanzi iliitoza hospitali hiyo faini ya euro 460,000, ambayo baadaye mahakama iliipunguza. Kilichoadhibiwa hapo kilikuwa ni hospitali kutokuwa na uthibitisho wa hatua mbili wa kutosha na kutokagua kumbukumbu zake mara kwa mara.

Hapa mtu anaweza kuwa na hatia, na sisemi vinginevyo. Hata hivyo uliza kwa nini mfumo ulimruhusu. Mara nyingi haki zimetolewa kwa hospitali nzima badala ya wodi, kwa kuogopa kwamba siku ya dharura daktari atakwama. Hofu hiyo ni ya haki, na suluhisho lake ni njia ya dharura: daktari yeyote anaweza kufungua faili lisilo la wodi yake kwa kuandika sababu, mfumo unampa nafasi kwa saa chache, na kesho yake mtu aliyeteuliwa anasoma sababu zote. Ukikuta njia ya dharura inatumika kila siku na idara ileile, idara hiyo inahitaji haki za kudumu. Rekebisha haki hizo, kwa sababu wingi wa dharura za uongo utaificha ile ya kweli ya kuchungulia. Tanzania, kwa Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, na Kenya, kwa Sheria ya Ulinzi wa Data ya mwaka 2019, zinaziweka taarifa za afya katika kundi la taarifa nyeti, hivyo ukaguzi huu una msingi wa kisheria pia.

Majibu ya maabara yameacha kuingia kwenye mfumo

Ikiwa mashine ya maabara au mfumo wa ghala umeacha kutuma taarifa bila kosa la mtandao, tafuta ni nywila ya nani iliyokuwa ikitumika kuunganisha. Mara kwa mara utakuta ni akaunti binafsi ya fundi aliyefanya usimikaji, na imefungwa alipohama. Mashine iwe na akaunti yake, isiyoweza kutumiwa kuingia kwenye skrini, yenye mtumishi anayewajibika nayo kwa jina, na tarehe za kuisha kwa vyeti vyake ziwekwe kwenye kalenda ya idara.

Mtu ameingia usiku kutoka nje

Akaunti ya mhasibu imeingia saa nane usiku kutoka nchi nyingine, au watumishi kadhaa wamepokea barua pepe ya mkuu wa kitengo ikiwataka wafungue kiungo. Usisubiri uthibitisho kamili. Mwezi Februari 2024 wavamizi waliingia Change Healthcare, kampuni ya Marekani inayopitisha madai ya bima na malipo ya maduka ya dawa, kwa kutumia utambulisho ulioibwa, kupitia lango la kufanyia kazi ukiwa mbali ambalo halikuwa na uthibitisho wa hatua mbili. Waliingia tarehe 12 na wakafunga mifumo kwa programu ya utekaji, inayofunga data hadi fidia ilipwe, tarehe 21. Siku hizo tisa ndizo zingeweza kutumika kuwatoa.

Kubadilisha nywila pekee hakumtoi mvamizi ambaye tayari yumo ndani. Kata vipindi vyote vilivyo wazi vya akaunti hiyo, yaani kila kifaa ambako bado imeingia, kisha badilisha nywila, kisha angalia kama kuna simu mpya iliyosajiliwa kwa uthibitisho wa hatua ya pili, na kama kwenye barua pepe kuna kanuni inayopeleka nakala za ujumbe nje. Baada ya hapo geukia akaunti za wasimamizi: katika uvamizi wa SingHealth wa Singapore mwaka 2018, uliochukua taarifa za watu wapatao milioni 1.5, uchunguzi ulikuta akaunti ya usimamizi yenye nywila iliyotokana na neno lenyewe la Kiingereza la nywila, herufi mbili tu zikiwa zimebadilishwa.

Ikibidi mfumo uzimwe, wodi na dirisha la dawa zirudi kwenye karatasi zilizoandaliwa mapema, kila karatasi ikiwa na nafasi ya jina kamili, saini na saa. Mfumo ukirudi, karani anayeingiza karatasi hizo aingie kwa akaunti yake mwenyewe na aandike, katika sehemu tofauti, jina la aliyetoa huduma na saa iliyo kwenye karatasi. Rekodi hapo itaonyesha majina mawili na saa mbili, na karatasi zenyewe zihifadhiwe hadi mfamasia na muuguzi kiongozi walinganishe kila dozi ya dawa zinazodhibitiwa na idadi iliyobaki kabatini.